Kuanza kibanda cha chipsi: piga hesabu ya sahani moja kwanza

"Dada, nimepata laki tatu, nianze biashara gani?"

Swali hili naulizwa mara kwa mara na vijana waliomaliza kidato cha nne, waliotoka chuo, na waliochoka kuzungusha bahasha maofisini. Huwa siwatajii biashara. Nawauliza: hicho unachotaka kuuza, kimoja kikiuzwa, kinakuachia shilingi ngapi? Wengi hawana jibu. Mimi pia sikuwa nalo nilipoanza kukaanga chipsi Tabata, Dar es Salaam. Kibanda changu cha kwanza kilikufa kikiwa na miezi mitano, benchi limejaa wateja, karai linachemka, na asubuhi sina pesa ya viazi. Niliumia sana kwa sababu nilikuwa nafanya kazi kwa bidii kuliko wakati wowote wa maisha yangu.

Mwongozo huu nauandika kwa chipsi kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua kwa mikono. Kama unataka kuuza maandazi, juisi ya miwa au kushona nguo, pita njia hii hii na ubadilishe vitu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Shika kalamu, uweke za sokoni kwako.

Hatua ya kwanza: kaa kwa mtu

Kabla ya kununua hata kijiko, tafuta kibanda kinachouza vizuri, mbali kidogo na mahali unapotaka kufungua, uombe kazi ya kumenya viazi kwa wiki mbili. Mweleze ukweli mwenye kibanda kwamba unajifunza. Wengi hukubali, maana kumenya ni kazi inayochosha na mikono ya ziada haikataliwi.

Ukiwa pale angalia mambo ambayo mteja hayaoni. Viazi vinafika saa ngapi na vinaletwa na nani? Mafuta yanaongezwa au yanamwagwa? Saa ngapi watu wanaanza kuja, na saa ngapi wanakatika? Nani anakula bure? Wiki mbili za ndoo na kisu zitakufundisha kuliko semina nyingi za ujasiriamali nilizohudhuria. Na kama siku ya tatu mgongo unakuuma na moshi umekushinda, umejijua mapema, laki tatu yako ikiwa salama.

Hatua ya pili: hesabu ya sahani moja

Hapa nakuomba usiruke mstari hata mmoja.

Nunua kilo 10 za viazi. Menya, osha, halafu upime tena. Mimi nilibaki na kilo 7 na nusu, robo nzima ilikwenda na maganda na sehemu mbovu. Sahani yangu inachukua gramu 300 za viazi vilivyokatwa, kwa hiyo kilo 7 na nusu zinatoa sahani 25. Kama kilo moja ni shilingi 1,000, viazi vya sahani moja ni shilingi 400.

Mafuta: kwa sahani hizo 25 natumia kama lita moja. Lita ikiwa 5,000, sahani moja imekunywa 200. Mkaa wa 2,500 kwa kazi hiyo ni 100 kwa sahani. Kachumbari, tomato, pilipili, chumvi, kijiti na kifungashio, weka 150. Jumla ni shilingi 850.

Unauza chipsi kavu kwa 1,500. Sahani imekuachia 650.

Usiiite faida bado. Kuna pesa inayotoka kila siku hata usipouza sahani hata moja: eneo 2,000, mlinzi na taka 500, kijana wa kukusaidia 5,000. Hiyo ni 7,500. Gawanya kwa 650 upate kumi na moja na nusu, maana yake sahani 12 za kwanza zinawalipa watu wengine. Wewe unaanza kulipwa sahani ya 13. Ukiuza zote 25, unabaki na 16,250 toa 7,500, yaani 8,750. Hiyo ndiyo siku yako, tangu alfajiri sokoni mpaka saa tano usiku.

Sasa angalia rafiki zako watatu wanaopita jioni kukusalimia, na kila mmoja unampa sahani. Umetoa 4,500, zaidi ya nusu ya jasho la siku. Sikwambii uwe mchoyo. Ninachotaka ni ujue bei ya ukarimu wako kabla hujaamua kuutoa.

Kuna jambo lingine ambalo lilinishangaza mwenyewe siku nilipoliandika. Nilikuwa najivunia chipsi mayai, wenyewe tunaziita zege, maana ndizo zilizokuwa zinaisha kwanza. Mayai mawili kwa 400 kila moja ni 800. Ongeza 850 ya chipsi na mafuta kidogo ya kukaangia, tuseme 50, unafika 1,700. Nauza 2,500, inabaki 800. Yaani nimeongeza mayai ya shilingi 800 ili nipate shilingi 150 zaidi ya chipsi kavu. Kisha mayai yakapanda mpaka 500 na mimi sikugusa bei. Gharama ikawa 1,900, ikabaki 600. Kuanzia siku hiyo kila zege nililouza liliniachia kidogo kuliko chipsi kavu, na ndilo nililokuwa nawasifia wateja! Ningekuwa naandika, ningeona wiki ile ile. Mimi niliona baada ya kibanda kufungwa, nimekaa kitandani na makaratasi.

Kwa hiyo fanya zoezi hili kwa kila kitu utakachoweka mezani: mishikaki, soseji, kuku robo, soda. Soda huachia pesa ndogo kwa chupa moja, lakini haimenywi, haikaangwi wala haiozi. Kuku anaachia vizuri akiisha, akilala bila kuuzwa anakula faida ya siku mbili.

Hatua ya tatu: hesabu watu, usihesabu magari

Chukua daftari ukakae mahali unapopataka, saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku, siku ya kazi moja na Jumamosi moja. Piga mstari kwa kila anayepita kwa miguu, na mstari mwingine kwa kila anayesimama kununua chochote. Barabara yenye magari mengi inaweza kukudanganya, kwa sababu gari halisimami kula chipsi. Kituo cha daladala ambako watu hushuka na kutembea kwenda nyumbani, hosteli za chuo, kijiwe cha bodaboda, hayo ndiyo maeneo.

Ukiwa karibu na chuo, jua kalenda yao. Boom, ile pesa ya kujikimu ya wanafunzi, likitoka utakimbizana na karai, likizo ikiingia utapiga miayo. Mitaa ya wafanyakazi ina mwisho wa mwezi wake na tarehe za kati zake. Kwenye mitaa ya Waislamu wengi, mwezi wa Ramadhani mchana ni kimya na biashara inahamia baada ya kufuturu. Panga viazi kwa kalenda hiyo.

Na usijenge kwenye hifadhi ya barabara hata kama wenzako kumi wamejenga. Mwaka 2021 wamachinga wengi wa Dar es Salaam na miji mingine waliondolewa kando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa, na waliokuwa wameweka mtaji wote kwenye mabati na mbao walibaki na mabati na mbao. Kwa kuanzia, jenga kitu kinachobebeka: meza ya vyuma, kabati la kioo, mwavuli.

Hatua ya nne: gawa mtaji sehemu mbili

Kosa ninaloliona zaidi kwa vijana ni kumaliza pesa yote kwenye vyombo. Kabati jipya linalong'aa, mashine ya kukatia chipsi, tisheti zenye jina la biashara. Siku ya kufungua anaazima pesa ya viazi.

Pesa ya vitu ni moja, pesa ya mzunguko ni nyingine. Kwa mfano wetu, siku moja inataka 21,250 ya malighafi ya sahani 25 na 7,500 ya gharama za kudumu, jumla 28,750. Ukifanya kazi siku sita kwa wiki, wiki mbili ni 345,000. Pesa hiyo iwe pembeni kabla ya kuwasha jiko, kwa sababu kuna siku itanyesha kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka usiku na utauza sahani nne.

Laki tatu pekee haitoshi vyote viwili? Punguza kipimo. Anza na sahani 12 za jioni, bila msaidizi, mbele ya nyumba ya shangazi ambako hulipi eneo. Msaidizi na eneo vikiondoka, sahani ya kwanza kabisa inaanza kukulipa wewe. Vyombo nunua vilivyotumika: karai mbili, jiko la mkaa, kisu kizuri, ndoo ya koki ya kunawia, sahani dazani moja. Kabati la kioo lililotumika lipo, maana vibanda vingi hufungwa na wenyewe huuza kwa bei ya kutupa.

Hatua ya tano: karatasi

Anzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nenda mwenyewe, msalimie, jitambulishe, mweleze unataka kufanya nini na wapi. Ukimfuata kabla ya kufungua anakuwa mlezi wako. Akikukuta umeshafungua, mazungumzo yanakuwa mengine.

Kisha afisa afya wa kata. Anayeuza chakula anapimwa afya, na kipimo hurudiwa kila baada ya miezi sita, wewe pamoja na msaidizi wako. Ataangalia maji ya kunawa, mahali pa taka na vyakula kufunikwa. Halafu kitambulisho cha taifa cha NIDA, na kwa hicho unaomba TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA, mamlaka ya mapato, nayo hutolewa bure. Mtu akikudai pesa ya kukutafutia TIN, mwache. Leseni ya biashara hutoka halmashauri, na siku hizi maombi yake hupita kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAUSI.

Kuhusu kodi, vijana wengi huchanganya mauzo na faida. Kiwango cha kutolipa kodi ya mapato kwa mfanyabiashara mdogo kimekuwa mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na hayo ni mauzo. Sahani 25 kwa 1,500 ni 37,500 kwa siku, kwa hiyo milioni 4 unaifikia siku ya 107. Kwenye jedwali lililopitishwa mwaka 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiyetunza kumbukumbu hukadiriwa 100,000 kwa mwaka, na anayetunza hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 6 na daftari safi hulipa 60,000. Daftari la shilingi elfu moja limemwokolea 40,000. Nenda ofisi ya TRA ya eneo lako ukaulize viwango vya mwaka huu, wana dawati la huduma na kuuliza hakulipiwi.

Hatua ya sita: viazi na mafuta

Chipsi nzuri huanzia sokoni. Mimi hununua soko la Mabibo, alfajiri, viazi vingi vikiwa vimetoka Njombe na Mbeya. Siku zangu za mwanzo nilikuwa nachagua vikubwa na vyeupe tu. Mama mmoja anayeuza pale aliniona nikigeuza geuza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unaenda kukaanga au kupika mchuzi?"

"Kukaanga."

"Basi usikiangalie usoni. Kikate."

Alikata kimoja katikati, akasugua nusu kwa nusu mpaka zikashikana kwa unga mweupe. "Hiki kina wanga. Kikitoa maji tu kama tango, kitakunywa mafuta na kulegea." Tangu siku hiyo natembea na kisu kidogo. Viazi vilivyochimbwa kabla ya kukomaa vina maji mengi, na vilivyoanza kuchipua huwa na sukari, vikiingia kwenye karai vinageuka kahawia kabla ya kuiva ndani. Vyenye ukijani kwenye ganda usinunue kabisa, ule ukijani ni dalili ya sumu.

Nunua kwa kilo kila unapoweza. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, limepigwa marufuku na kikomo ni kilo 100, lakini bado utaliona likishonewa kichwa juu. Kwa mnunuzi mdogo linaonekana kama nyongeza ya bure, kumbe linakuvurugia hesabu yote ya sahani, kwa sababu hujui umenunua kilo ngapi. Na mkulima aliyelijaza ndiye anayeumia kuliko wote.

Ukishakata, loweka kwenye maji safi, osha mpaka maji yasiwe meupe kama maziwa, kausha, ndipo ukaange. Mafuta yakitoa povu, yakiwa meusi na kunuka hata kabla ya kuweka kitu, yamwage. Najua inauma, dumu ni ghali. Mteja akipata kiungulia mara mbili hatakwambia, atapita upande wa pili wa barabara. Kwa wanaobeba, weka kwenye karatasi ya foili au kikasha. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Hatua ya saba: daftari na laini ya pili

Kila usiku, kabla ya kulala, andika mambo manne: umenunua nini na kwa kiasi gani, umeuza sahani ngapi, kimebaki nini, umetoa pesa ya nini. Andika hata vocha ya 500 uliyochukua kwenye droo. Usiku nakuwa nimechoka, macho yanafumba, lakini siku nisiyoandika ndiyo siku pesa inapotea.

Pesa ya biashara isikae mfuko mmoja na yako. Nilichofanya nilipofungua kibanda cha pili ni kusajili laini nyingine kwa ajili ya kibanda tu, na lipa namba, ile ya wateja kulipia kwa simu, iingie huko. Pesa taslimu ya viazi vya kesho naitoa saa ile ile ninapofunga, naifunga kwenye kitambaa, siigusi. Halafu nikajiwekea mshahara: 7,000 kwa siku, siyo zaidi hata siku ambayo karai halikupoa. Ukiweka mshahara wako kwenye gharama za kudumu, 7,500 inakuwa 14,500, na sahani za kufikia ni 23. Zinazobaki juu ya hapo ndizo zinazokuza biashara. Mara ya kwanza nilikuwa nakula kila kilichopo droo nikidhani ni changu chote. Nilikula viazi vya kesho kwa miezi mitano.

Hatua ya nane: madeni ya wateja na mikopo yako

Dereva wa bodaboda atakuja saa mbili usiku.

"Dada, niandikie, kesho asubuhi nakuletea."

"Kaka yangu, daftari la madeni sina. Nikupimie ya buku, elfu moja?"

Sentensi hiyo imeniokolea pesa nyingi na haijaniharibia urafiki na mtu. Chipsi za buku, gramu 200 hivi, zinamfaa mwenye njaa asiye na pesa kamili, na wewe hulazi pesa nje. Ukimkopesha mmoja, kijiwe kizima kitajua kabla ya saa tatu.

Upande wako wewe, mali kauli, yaani kuchukua mzigo sasa na kulipa baadaye, kutoka kwa muuza viazi anayekuamini ni msaada mkubwa, mradi umlipe siku uliyosema. Mkopo wa pesa kwa kibanda ambacho hakijafikisha miezi mitatu, nakusihi uuache. Hasa ile inayoitwa kausha damu, ya kurudisha kila siku, imewachukulia kina mama na vijana wa mtaani kwetu makabati, televisheni na heshima. Mikopo ya kwenye simu nayo ichunguze: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni.

Ukiwa na daftari la miezi mitatu, njia nzuri zipo. Kikoba cha watu mnaofahamiana ni moja. Nyingine ni mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023 ili urekebishwe na ukarudi 2024. Hutolewa zaidi kwa vikundi, kwa hiyo chagua wenzako kama unavyochagua viazi, kwa kuwakata ndani. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona. SIDO nao, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililopo tangu 1973, wana ofisi mikoani na hufundisha usindikaji na hesabu za biashara.

Mwisho wa mwezi wa tatu, funga kibanda siku moja, kaa na daftari lako. Pima tena kilo 10, maana viazi vya masika si vya kiangazi. Andika upya gharama ya sahani kwa bei za wiki hiyo. Kama inakuachia chini ya ulivyopanga, amua palepale: gramu zipungue, bei ipande, au kitu fulani kitoke mezani. Mimi niliondoa soseji, nikapandisha zege kwa 300, na nikabandika bei mpya kwenye kioo cha kabati siku mbili kabla ili mtu asishtukie akiwa ameshika sahani. Wateja wawili walinuna. Jumamosi walirudi.